Mateso Hayaandiki Hadithi

Kuna mwaka nilimfuata mhariri mmoja kumkumbusha malipo ya makala zangu tatu. Akacheka, akaniambia njaa kidogo huinoa kalamu. "Mwangalie Andersen," akasema, "angekuwa ameshiba, wewe ungemjua?" Nilitoka mikono mitupu. Jibu lilinijia nikiwa ndani ya daladala, kama ilivyo kawaida ya majibu mazuri. Leo namjibu.

Hans Christian Andersen, yule Mdenishi wa Nguva Mdogo na wa mfalme aliyetembea uchi, ndiye shahidi mkuu wa wanaoamini kwamba kipaji ni mtoto wa mateso. Kisa chake wanakijua kwa moyo. Alizaliwa Odense mwaka 1805, mwana wa fundi viatu. Babu yake alikuwa mwendawazimu. Baba alirudi kutoka jeshini akiwa mgonjwa, akafa mtoto ana miaka 11. Mama alikuwa dobi, na alikunywa. Shuleni alidhalilishwa, kila aliyempenda alimkwepa, na mwaka 1875 akafa kapera. Kisha wanamalizia: ndiyo maana aliandika vile. Yote waliyoyataja ni kweli. Uongo umejificha kwenye hiyo "ndiyo maana".

Sisemi hakuteseka. Huyu ni mtu aliyesafiri na kamba sandukuni ili hoteli ikiungua ateremkie dirishani. Aliacha kikaratasi kando ya kitanda kueleza kwamba anaonekana tu kama amekufa, kwa hofu ya kuzikwa hai. Alipokufa walimkuta na kifuko kifuani, ndani yake barua ya Riborg Voigt, msichana aliyempenda ujanani akaolewa na mwingine. Anahurumisha. Lakini tuulize: mateso hayo yalimpa nini, na lini?

Alifika Copenhagen mwaka 1819 akiwa na miaka 14, akitaka jukwaa. Sauti ikavunjika, jukwaa likamkataa. Hadithi ingeishia hapo, kama zilivyoishia hadithi za wana wa mafundi viatu wengine ambao hatuna hata majina yao. Kilichomtenga nao ni Jonas Collin, mmoja wa wakurugenzi wa jumba la maonyesho la kifalme, aliyemwombea ada kwa Mfalme Frederik VI. Mwaka 1822 kijana akapelekwa shule ya Slagelse.

Huko alikutana na mwalimu mkuu Simon Meisling, ambaye baadaye alihamia naye Helsingør. Meisling alimdhihaki mbele ya darasa na kumkataza kutunga mashairi. Kama mateso yangekuwa mbolea, basi miaka hiyo mitano ndiyo ingetoa mavuno. Ilitoa shairi moja la kukumbukwa, la mtoto anayekufa, na Meisling alilicheka. Mwaka 1827 Collin akamwondoa pale. Ilipofika 1829, kitabu chake cha kwanza chenye mafanikio kilikuwa mikononi mwa wasomaji.

Mwaka 1838 serikali ikaanza kumlipa rigsdaler 400 kila mwaka. Haukuwa utajiri, ila alijua kesho atakula. Sasa hesabu kilichofuata: yule mtoto wa bata mwenye sura mbaya, Malkia wa Theluji, Viatu Vyekundu, Kivuli. Zote zilitoka baada ya pensheni. Nguva Mdogo ilitangulia kwa mwaka mmoja, najua, lakini kufikia hapo alikuwa ameshatembezwa Ufaransa na Italia kwa posho ya mfalme.

Hadithi ninayoipenda kuwatupia wabishi ni ya binti muuza viberiti, yule anayekufa kwa baridi usiku wa kuamkia mwaka mpya. Unajua iliandikwa wapi? Katika kasri la Gråsten, Novemba 1845, Andersen akiwa mgeni wa mtawala wa Augustenborg. Mchapishaji wa kalenda alimtumia picha tatu, achague moja aiandikie hadithi. Akachagua mchoro wa Lundbye wa msichana anayeuza viberiti. Kazi ya kuagizwa, basi! Mikono iliyoandika juu ya vidole vilivyokufa ganzi haikuwa imekufa ganzi. Ndiyo, alimkumbuka mama yake, ambaye utotoni alitumwa kuombaomba. Ila kumkumbuka mwenye baridi ni kazi inayohitaji chumba chenye moto.

Hata majeraha yake mwenyewe hayakumpa kitu papo hapo. Mwaka 1831 alimwandikia Edvard, mwana wa Collin, akimwomba waitane "du", jinsi Wadenishi wanavyoitana ndugu na marafiki. Edvard akakataa. Katika Kivuli, kivuli kinamnyima bwana wake neno hilohilo. Hadithi hiyo ilitoka 1847. Jeraha lilikaa miaka 16 likingoja mtu aliyetulia mezani. Na mwaka 1857, akiwa mgeni wa Dickens kule Kent, gazeti lilipomponda, Andersen alijilaza kifudifudi kwenye majani akilia. Machozi hayo hayakuzaa chochote, isipokuwa kuwachosha wenyeji wake, ambao alikaa nao majuma matano.

Lawama nyingine ni yake mwenyewe. Katika tawasifu zake alipenda kuyapamba maisha yake kama ngano, na yule mtoto wa bata anageuka bata maji kwa sababu tu yai lilikuwa la bata maji. Karani aliyeandika hati ya posho hana nafasi katika hadithi ya namna hiyo.

Aliyeteseka kweli katika ukoo huo ni mama yake, Anne Marie Andersdatter. Alisimama ndani ya mto wa Odense akifua nguo za watu, akipiga funda la pombe kali apate joto. Kama shida ingekuwa inafundisha kuandika, maktaba za Denmark zingejaa vitabu vyake. Hakujua kusoma. Alikufa mwaka 1833 katika nyumba ya maskini. Habari za kifo zilimkuta mwanawe Rome, akiishi kwa posho ya mfalme, na katika mji huohuo alianza kuandika riwaya yake ya kwanza.

Mhariri, makala zangu tatu bado hujazilipa.