Risasi za Uvira zihesabiwe kabla ya kununuliwa

Mwishoni mwa Januari 2025 Goma, mashariki mwa Congo, ilianguka mikononi mwa waasi wa M23, na katikati ya Februari Bukavu ikafuata. Wanajeshi wa serikali waliokuwa wakirudi nyuma walishuka bonde la Ruzizi kwa Barabara ya Taifa namba 5, wakapita Kamanyola, Luvungi na Sange hadi Uvira, wengi wakiwa bado na bunduki zao. Huko walikutana na Wazalendo, wanamgambo wa upande huohuo wa serikali, ambao hoja yao ilikuwa fupi: anayekimbia amwachie silaha anayebaki. Risasi zikalia ndani ya mji na watu wakafa, hali M23 hawajafika. Walikuja kuingia Uvira Desemba ya mwaka huohuo. Tangu hapo kilio kinachosikika zaidi ni kwamba Kinshasa inunue silaha zaidi na risasi zaidi. Kilio hicho, kwa maoni yangu, kinaanzia mwisho wa kazi. Wapiganaji wa upande mmoja wanaponyang'anyana risasi, hatuwezi kujua kama risasi ni chache au ni nyingi; tunachojua ni kwamba hakuna aliyekuwa na hesabu ya ziko wapi, zimeandikwa kwa jina la nani, na ziliwekwa hapo kwa kazi gani. Hesabu hiyo ndiyo inayopaswa kutangulia fedha.

Jeshi linalopanga vizuri huanza na kazi, kisha hurudi nyuma hatua kwa hatua hadi dukani. Kwanza hujiuliza linatakiwa kulinda nini, dhidi ya nani, kwa siku ngapi. Kutoka hapo hukadiria kila kikosi kitatumia nini kwa siku ya mapigano makali na kwa siku ya utulivu, kila aina peke yake, maana risasi ya AK haiingii kwenye bunduki ya rashasha ya PKM, na kombora la mota ya milimita 82 halina faida kwa kikosi chenye mota ya milimita 60. Huongeza risasi za mazoezi, ambazo maskini wa fedha huwa wa kwanza kuzikata, halafu hulalamika kwamba askari wake hawajui kulenga. Huongeza zitakazopotea njiani, na akiba ya siku ambazo njia itafungwa. Ndipo linapotoa kilichoko ghalani, baada ya kukikagua, kwa sababu baruti huzeeka na kombora lililokaa miaka mingi kwenye joto na unyevu linaweza lisilipuke linapotakiwa, au lilipuke lisipotakiwa. Kinachobaki ndicho cha kununua. Ni kazi ya makarani na wahasibu zaidi kuliko ya majenerali, na labda ndiyo sababu haina wapenzi.

Hata wenye viwanda hukosea. Uingereza iliingia vita vya 1914 na akiba ya makombora iliyokadiriwa kwa uzoefu wa vita vyake vya Afrika Kusini, na kufikia Mei 1915 uhaba wa makombora ulikuwa kashfa iliyoitikisa serikali na kuzaa wizara mpya ya zana za vita chini ya Lloyd George. Umoja wa Ulaya uliahidi Machi 2023 kuipa Ukraine makombora milioni moja katika miezi 12. Muda ulipoisha yalikuwa yamefika karibu nusu. Fedha zilikuwapo na nia ilikuwapo, lakini hesabu ilikuwa ya vita vilivyopita. Kwetu hesabu ya namna hiyo ni ngumu zaidi, kwa kuwa Uvira ina vita viwili tofauti katika eneo moja.

Vya kwanza ni vya bondeni. Kutoka Kamanyola hadi Kavimvira ardhi ni tambarare, barabara ni moja, na silaha nzito hufaa. Vya pili ni vya milimani, kuelekea Itombwe na Minembwe, ambako gari halifiki kwa sehemu kubwa na mzigo hupanda juu ya vichwa na migongo ya watu. Chukua batalioni ya watu 600, kila mmoja na magazini nne za risasi 30. Hizo ni risasi 72,000. Sanduku la kawaida la risasi za AK huwa na risasi 1,300 hivi na uzito wa karibu kilo 30, kwa hiyo mzigo huo ni masanduku 55, zaidi ya tani moja na nusu. Bondeni ni lori moja dogo. Milimani ni wapagazi 55, na wote watakuwa wamebeba kitu ambacho kijana asiyefunzwa, akiweka bunduki yake kwenye mfululizo, hukimaliza kwa muda mfupi sana: magazini ya risasi 30 huisha kwa sekunde tatu. Hapo hatujataja mota, ambayo kombora lake moja la milimita 82 lina uzito wa kilo tatu hivi, wala chakula, wala dawa. Anayesema “pelekeni risasi zaidi Minembwe” bila kuhesabu wapagazi hajasema kitu.

Halafu kuna njia. Uvira imebanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika, na Bukavu ikishatekwa, Kinshasa haiwezi kuifikia kwa barabara ya kaskazini. Zinabaki Burundi kwa ukarimu wa Burundi, barabara ya kusini kupitia Baraka na Fizi, na meli kutoka Kalemie hadi bandari ya Kalundu. Kalemie nayo hutegemea reli chakavu ya kutoka Kabalo. Mpangaji anayeijua ramani hii angeamua mapema kwamba akiba ya Uvira haiwezi kulingana na ya mji ulio kando ya barabara nzuri. Lazima iwekwe kabla njia hazijafungwa, na iwe ya siku nyingi zaidi. Historia ilikuwa imeshamwonya. Waasi wa Simba waliuteka mji huu Mei 1964. Mwishoni mwa Oktoba 1996 ulikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kuangukia waasi katika vita vilivyomwondoa Mobutu. Oktoba 2002 wanamgambo wa Mai-Mai waliuchukua kwa siku chache kutoka mikononi mwa waasi wa RCD. Septemba 2017 watu wa kiongozi wa wanamgambo Yakutumba waliushambulia hata kwa boti, na helikopta za MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, zikaingilia. MONUSCO yenyewe ilihitimisha kazi zake Kivu ya Kusini Juni 2024, na mtu angetarajia kwamba siku ile ilipotangazwa kuondoka, mahali fulani Kinshasa karani alifungua daftari na kukokotoa upya mahitaji ya Uvira.

Kwa miaka mingi serikali ilikuwa na jibu moja kwa maswali ya namna hii: vikwazo vya Umoja wa Mataifa. Jibu hilo lilikuwa na ukweli kiasi. Azimio 1493 la Julai 2003 lilianzisha vikwazo vya silaha, lakini tangu Machi 2008 havikuihusu tena serikali yenyewe isipokuwa kwa sharti kwamba wauzaji watoe taarifa mapema, na hata sharti hilo liliondolewa Desemba 2022. Mlango wa duka ukawa wazi, na Kinshasa ikaingia. Taasisi ya SIPRI ya Stockholm ilikadiria kwamba matumizi ya kijeshi ya Congo yalipanda kwa asilimia 105 mwaka 2023, hadi dola milioni 794, ongezeko kubwa kuliko la nchi nyingine yoyote duniani mwaka huo kwa asilimia. Zilinunuliwa droni za CH-4 kutoka China, nazo zikawa zinaruka kutoka Kavumu, uwanja wa ndege wa Bukavu. Februari 2025 Kavumu ilitekwa. Goma, mwezi uliotangulia, ilikuwa imeacha nyuma silaha na risasi nyingi zikachukuliwa na adui. Ni kweli kwamba upande wa pili ulikuwa na askari wa Rwanda, kama wataalamu wa Umoja wa Mataifa walivyoripoti tena na tena, na Kigali ikakana tena na tena. Lakini kuwapo kwa adui mwenye nguvu ni sababu ya kupanga zaidi. Ghala lililojaa kwenye mji usioweza kushikiliwa ni zawadi kwa anayekuja.

Pwani hii ya ziwa iliwahi kuona kwa wazi kabisa jinsi wingi wa silaha usivyotosha. Mwaka 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma na kupiga kambi Kibamba, upande wa Fizi, kuwasaidia waasi. Silaha za Kisovyeti na za Kichina zilikuja kwa wingi. Maandishi aliyoyaacha yamejaa manung'uniko kuhusu mizigo iliyotupwa ufukweni bila mpangilio, silaha zisizokutana na vifaa vyake, na wapiganaji waliofyatua hovyo mpaka wakaishiwa. Hakuhitaji shehena nyingine. Alihitaji mwenye ghala.

Upande wa pili wa daftari ni wizi, na hapa lazima tuseme bila kuzunguka. Novemba 2012 Jenerali Gabriel Amisi, aliyekuwa mkuu wa jeshi la nchi kavu, alisimamishwa kazi baada ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa kumtuhumu kuongoza mtandao wa kuuza risasi kwa wawindaji haramu na makundi yenye silaha. Baadaye aliondolewa tuhuma na kurudishwa kwenye uongozi wa jeshi. Sina cha kuongeza juu ya hukumu yake. Ninachouliza ni jinsi gani mtu yeyote, mwenye hatia au asiye na hatia, angeweza kuthibitisha lolote katika jeshi ambalo risasi hutoka bohari bila namba za toleo kuandikwa na maganda hayarudi kuhesabiwa. Daftari zuri humlinda jenerali mwadilifu kama linavyomfichua mwizi. Congo imeshajifunga kwa maneno: Itifaki ya Nairobi ya 2004 na Mkataba wa Kinshasa wa 2010, uliobeba jina la mji wetu mkuu, vyote vinadai silaha zitiwe alama na kumbukumbu zitunzwe. Tangu 2023 kuna pia sheria ya jeshi la akiba, iliyowafungulia Wazalendo mlango wa kuingia katika ulinzi wa taifa. Kumwingiza mtu jeshini bila kumwingiza kwenye daftari la risasi ni kuchota maji kwa pakacha.

Na maghala hulipuka. Dar es Salaam ilizika watu wake Mbagala Aprili 2009, kisha Gongo la Mboto Februari 2011. Brazzaville, Machi 2012, ghala la Mpila liliua zaidi ya watu 200. Kwetu, Januari 2014, radi ilipiga ghala la jeshi Mbuji-Mayi. Uvira ni ukanda mwembamba wa nyumba kati ya mlima na maji. Mto Mulongwe ulifurika Aprili 2020 na kuua, na ziwa limekuwa likipanda na kumeza nyumba za ufukweni. Akiba kubwa ninayoidai haiwezi kurundikwa katikati ya mitaa hiyo. Inadai ardhi, ukuta, hewa na umbali, na gharama hizo ni sehemu ya bei ya risasi hata kama muuzaji hazitaji.

Watakaonipinga watasema hesabu za risasi ni siri ya taifa. Sitaki idadi ya masanduku ya Uvira isomwe redioni. Nataka kamati ndogo ya bunge, iliyoapishwa na kukaa faraghani, iwe na haki ya kulinganisha mahitaji yaliyokadiriwa, kilichonunuliwa na kilichotoka. Adui anayeokota maghala mazima ameshazijua siri hizo kuliko mbunge wa Fizi. Wengine watasema tujenge kiwanda chetu, kama Mzinga wa Morogoro, kile cha Eldoret au cha Nakasongola. Pengine siku moja. Lakini kiwanda nacho lazima kiambiwe kitengeneze nini na kiasi gani, na tunarudi palepale.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la wale wasemao tatizo ni moyo wa askari: analala njaa, mshahara unachelewa, mkubwa wake amekimbia kwanza. Serikali yenyewe ilikiri kiasi ilipotangaza Machi 2025 kuongeza mishahara mara mbili. Nakubali sehemu kubwa ya hoja hiyo. Lakini moyo wa askari wa mbele hutokana kwa kiasi fulani na kujua kwamba kesho asubuhi sanduku litafika, la aina inayoingia kwenye bunduki yake. Askari anayejua halitafika hutunza magazini ya mwisho kwa ajili ya safari ya kurudi. Nao wanaosema watu wa Uvira wanataka amani na hospitali, wala hawataki risasi, wana haki kuliko sisi sote. Kwao nasema tu kwamba hesabu ya kweli huweza kutoa jibu dogo kuliko la sasa: aina fulani zisinunuliwe kabisa, nyingine zilizooza ziharibiwe, na fedha zibaki. Ununuzi wa kukisia hukua tu, na sehemu ya kinachonunuliwa huishia barabarani Sange mikononi mwa mtu anayetoza wachuuzi.

Sheria ya kupanga matumizi ya jeshi ya 2022 hadi 2025 imemaliza muda wake. Wabunge wa Uvira na Fizi watakapoletewa inayofuata, watakuta kurasa nyingi za ndege na magari. Wamwulize waziri, kabla ya kupiga kura, kikosi cha Uvira kinaweza kupigana siku ngapi kama Kalemie imefungwa, nani alikokotoa siku hizo na kwa vita gani, vya bondeni au vya milimani, na masanduku yakishushwa Kalundu ni afisa gani anayetia sahihi.