Fedha za Darasa Zihesabiwe Mchana



Kila mkulima wa Ihanja anajua namna ya kupokea gunia la alizeti. Halipokei kwa kulitazama kwa mbali. Hulifungua mdomo, huingiza mkono hadi katikati aone kama makapi hayakufichwa chini ya punje nzuri, kisha hulipima mbele ya yule aliyelileta. Wala hakuna anayekasirika. Mwenye gunia safi hufurahi kupimiwa, kwa kuwa kipimo ndicho shahidi wake.

Lakini gari la saruji linapofika shuleni, watu wale wale waliozoea kupima husimama kando. Hawahesabu, hawaulizi, wala hawaandiki. Tumejiuliza kwa nini iwe hivyo, na toleo hili tumelitenga kwa ajili ya swali hilo.

Wengine wetu tulihudhuria mkutano mmoja wa kijiji ambapo mzee mmoja alisimama akauliza darasa jipya lilitumia mifuko mingapi ya saruji. Hakumtuhumu mtu. Aliuliza idadi tu. Alijibiwa kwamba mambo hayo ni ya kitaalamu, na kwamba asilete siasa katika maendeleo. Mzee akaketi. Mkutano ukaendelea na ajenda ya michango ya chakula cha wanafunzi. Hatuitaji shule hiyo wala viongozi wake, kwa sababu nia yetu si kumwaibisha mtu. Twasema tu kwamba kabla ya mwaka kwisha sakafu ya darasa lile ilikuwa imechimbika, na watoto walikuwa wakiandika huku vumbi likiwapanda miguuni.

Je, kuhesabu mifuko ni utaalamu? La hasha. Kupanga nondo na kusawazisha msingi ni kazi ya fundi na mhandisi, nasi hatutaki kumfundisha fundi kazi yake. Kuhesabu mifuko ni kazi ya kila aliyewahi kuhesabu mbuzi wake jioni.

Tujiulize kwanza, fedha hizi ni za nani? Mara nyingi husikika zikitajwa kama zawadi. Kiongozi fulani "ametuletea" darasa, nasi tunapiga makofi. Ukweli ni kwamba darasa la shule ya umma hujengwa kwa vitu vitatu. Cha kwanza ni kodi, ambayo hata bibi anayenunua sabuni dukani huilipa. Cha pili ni nguvu za wananchi: mawe, mchanga, maji na siku za kazi zilizotolewa wakati mashamba yanasubiri palizi. Cha tatu ni mkopo.

Hapo kwenye mkopo tusimame kidogo. Mwezi Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha kuikopesha nchi yetu dola za Marekani milioni 567.25, yapata shilingi trilioni 1.3, kwa ajili ya kukabiliana na madhara ya UVIKO-19. Katika fedha hizo Serikali ilipanga kujenga madarasa 15,000: madarasa 12,000 ya sekondari na 3,000 katika shule shikizi, kila darasa kwa shilingi milioni 20. Kazi hiyo ilianza mwezi Oktoba, nayo ilitakiwa kukamilika kabla ya wanafunzi kuingia Januari 2022. Hatuna ugomvi na nia hiyo. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, watoto wameongezeka mno shuleni, na anayeketi chini ya mti hawezi kuambiwa asubiri. Aidha, lilikuwa jambo jema kwamba kiasi cha kila darasa kilitangazwa wazi, hata mtu wa kijijini akakijua. Lakini kujua jumla si kujua matumizi. Na mkopo, uwe na masharti nafuu kiasi gani, ni deni. Atakayelilipa ni mwananchi, akiwemo mtoto wa leo atakapokua na kuanza kulipa kodi. Ni dhuluma ya aina gani kumfanya mtoto alipie saruji ambayo haikuingia katika ukuta wa darasa lake?

Wapo wasemao kwamba Serikali ina wakaguzi wake, basi tuwaachie. Twawaheshimu wakaguzi. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ana kazi aliyopewa na Katiba, na kila mwaka taarifa yake hufika kwa Rais na kisha Bungeni. Tangu mwaka 2023 upo pia mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma uitwao NeST, unaoweka kumbukumbu za zabuni na bei. Lakini mkaguzi hufika wakati rangi ya ukuta imekwisha kukauka, na mfumo hauwezi kuona kama mifuko iliyoandikwa ndiyo iliyoshushwa. Mama anayeishi jirani na shule aweza kuona.

Tutazame majirani zetu. Nchini Uganda watafiti walipima fedha za ruzuku zilizotumwa kwa shule za msingi kati ya mwaka 1991 na 1995. Waligundua kwamba kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku isiyo ya mishahara ndiyo iliyofika shuleni. Sehemu kubwa ilibaki njiani, mikononi mwa watawala wa wilaya. Baada ya hapo Serikali ya Uganda ilianza kutangaza magazetini kiasi kinachopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Ilipofika mwaka 2001, zaidi ya asilimia 80 ya fedha hizo zilikuwa zikifika. Hatusemi kwamba karatasi ya ukutani peke yake ilifanya kazi yote, kwa maana mageuzi mengine pia yalikuwapo. Lakini mwalimu na mzazi walipojua kiasi walichostahili, ilikuwa vigumu kuwadanganya.

Tutazame na mbali zaidi. Katika jimbo la California, Marekani, wilaya za shule hukopa fedha za ujenzi kwa kuuza hatifungani, ambazo wakazi hulipa kwa kodi ya nyumba na ardhi zao kwa miaka mingi. Mwaka 2000 wapiga kura wa jimbo hilo walikubali kulegeza masharti ya kuidhinisha mikopo hiyo, kutoka theluthi mbili ya kura hadi asilimia 55. Lakini waliweka sharti: ukaguzi wa hesabu kila mwaka, na kamati ya raia yenye watu wasiopungua saba itakayotazama matumizi na kutoa taarifa kwa umma. Sheria yao inakataza mtumishi wa wilaya hiyo ya shule, mkandarasi au muuzaji wake kuwa mjumbe wa kamati hiyo. Tajiri yule, mwenye wahasibu na kompyuta kila mahali, bado aliona haja ya raia wa kawaida kukaa na kusoma hesabu. Sisi tunaokopa kutokana na uhaba tuna haja kubwa zaidi.

Wala hatuhitaji kuazima sheria kwao. Katiba yetu, Ibara ya 8, inatambua kwamba Serikali itawajibika kwa wananchi, na Ibara ya 27 inampa kila mtu wajibu wa kulinda mali ya umma. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inazitambua kamati za shule. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaupa mkutano mkuu wa kijiji nafasi yake. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa ofisi za umma. Na katika ujenzi unaotumia mafundi wa kawaida badala ya mkandarasi, utaratibu unataka ziwepo kamati tatu shuleni: ya ununuzi, ya mapokezi na ya ujenzi. Kila moja ni jicho juu ya mwenzake.

Basi tatizo liko wapi? Liko pale macho matatu yanapokuwa ya mtu mmoja. Wajumbe huteuliwa kwa kujuana, wengine wakiwa ndugu wa mwenye duka la vifaa. Mzigo hushushwa usiku, na mjumbe wa mapokezi huitwa asubuhi kutia sahihi kwa kitu ambacho hakukiona. Bati zilizokubaliwa ni za geji 28. Zinazopigiliwa ni za geji 30, ambazo ni nyembamba zaidi, na asiyejua kwamba namba ikiongezeka bati hupungua unene huona amepata zuri zaidi. Upepo wa Singida haudanganyiki hivyo. Utakapoivuta paa hiyo, utatuonyesha yote ambayo stakabadhi haikusema.

Tungekuwa hatutendi haki kama tungemtupia mwalimu mkuu lawama zote. Mtu aliyesomea kufundisha anageuzwa kuwa mnunuzi, mtunza stoo na msimamizi wa mafundi, huku vipindi vyake vikimsubiri na simu za kumharakisha zikilia. Mwalimu mwaminifu ndiye anayehitaji zaidi wananchi wahesabu pamoja naye. Pasipo hesabu ya wazi, uvumi humhukumu yeye na mwizi kwa hukumu moja.

Na tujitazame wenyewe. Nani hununua mfuko wa saruji kwa bei ya chini, saa mbili usiku, bila kuuliza umetoka wapi? Si mgeni kutoka mbali. Ni sisi. Nani hukosa mkutano wa mapato na matumizi, kisha akakutwa kilabuni akisimulia jinsi fedha zilivyoliwa? Ni sisi. Nani humwita jirani yake mchochezi kwa sababu ameuliza swali ambalo wote tulikuwa nalo moyoni? Ni sisi. Mwizi wa mali ya umma huhitaji usiku, lakini huhitaji zaidi majirani walionyamaza.

Kanisa nalo halimo nje ya lawama hii. Hatuwezi kuidai shule ibandike hesabu ukutani iwapo michango ya ujenzi wa kigango chetu haijulikani ila kwa watu wawili. Mtume Paulo alipokusanya msaada kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakukubali kuusafirisha peke yake. Aliandamana na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili asije akalaumiwa na mtu yeyote. Ikiwa mtume aliona hivyo, ni nani kati yetu aliye juu ya kuhesabiwa?

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo haya, ambayo hayahitaji fedha wala mtaalamu kutoka mjini.

Kwanza, siku fedha za ujenzi zinapofika, kiasi chake, kazi iliyokusudiwa na tarehe ya kumaliza vibandikwe ukutani shuleni na katika ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili kinachosomeka.

Pili, wajumbe wa kamati za ujenzi wachaguliwe katika mkutano wa hadhara, wakiwemo wanawake, na asichaguliwe mtu anayeiuzia shule vifaa wala ndugu yake wa karibu.

Tatu, vifaa vipokelewe mchana tu. Wajumbe wavihesabu vikiwa bado vinashushwa, waandike katika daftari la stoo, na pasiwepo mtu wa kutia sahihi kwa mzigo asiouona. Vivyo hivyo kila kinachotolewa stoo kwenda kwa fundi kiandikwe.

Nne, taarifa ya matumizi isomwe katika kila mkutano mkuu wa kijiji hadi ujenzi utakapokwisha, na muulizaji ajibiwe kwa tarakimu.

Tano, kila kigango kianze na hesabu zake chenyewe, kabla ya kwenda kuomba za wengine.

Tunajua kwamba anayeuliza aweza kuchukiwa, na wapo waliotengwa kwa sababu hiyo. Ndiyo maana tunasihi asiulize mtu mmoja. Waulize wazazi wote pamoja, kwa adabu, katika mkutano, na majibu yaandikwe katika muhtasari. Mzee yule aliyeketishwa hakuwa adui wa maendeleo. Alikuwa akifanya kazi ambayo sote tulipaswa kuifanya, nasi tukamwacha aifanye peke yake. Mkutano ujao akisimama tena, tusimame naye.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari si ghali. Lililo ghali ni darasa lililojengwa mara mbili, na mtoto aliyesoma mara moja tu katika vumbi.