Kabla ya kununua upanga wa Kijapani, uliza kilichomo ndani ya mpini

MAMA mmoja mkazi wa Buruburu, jijini Nairobi, ameniletea barua ya kurasa tatu. Kijana wake wa chuo kikuu amejiunga na wenzake wanaojifunza iaido, yaani ule mchezo wa Kijapani wa kuchomoa upanga alani, kukata na kuurudisha. Sasa kijana amedunduliza vijisenti vyake na anataka kuagiza katana yake mwenyewe kutoka ng'ambo. Mama anauliza: akubali au akatae? Na akikubali, atajuaje kwamba mwanawe hauziwi mbuzi kwenye gunia?

Msomaji mpenzi, huenda wewe umeanza kucheka. Hata mimi ningecheka, lau si jambo nililoliona kwa macho yangu miaka kadhaa iliyopita katika mtaa tuliokuwa tukiishi. Jirani yetu alikuwa ametundika upanga wa aina hiyo sebuleni, zawadi aliyopewa na mtu. Uling'aa kama kioo, na mpini wake ulikuwa umezungushiwa uzi mweusi wa kupendeza. Jumamosi moja mwanawe wa kidato cha pili aliutungua ili kuwaonyesha marafiki jinsi samurai wanavyopigana katika sinema. Alipoupunga mara ya tatu, mkononi mwake ulibaki mpini mtupu. Bapa lilipaa, likapita juu ya kichwa cha dadake mdogo aliyekuwa sakafuni akichora, likajikita katika mlango wa kabati la vyombo. Hakuna aliyeumia. Mama yao alikaa chini, sauti ikampotea.

Jioni, mimi na baba watoto tuliufungua ule mpini. Ndani hamkuwa na kitu ila kijiti cha chuma chembamba kama penseli, kilichochomelewa kwenye tako la bapa na kukazwa kwa nati. Kilikuwa kimekatika pale pale palipochomelewa.

Kila chombo cha kukata, kuanzia jembe hadi kisu cha jikoni, kina ulimi wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Mafundi huuita msuka. Katika upanga halisi wa Kijapani, msuka na bapa ni chuma kimoja kisichoungwa. Msuka huwa mpana karibu sawa na bapa lenyewe na huingia ndani kabisa ya mpini, aghalabu zaidi ya nusu ya urefu wake. Na kinachouzuia usichomoke si nati wala gundi, bali ni kijiti cha mwanzi, mekugi kwa Kijapani, kinachopenya mpini na msuka kutoka upande mmoja hadi wa pili. Panga nyingi za mazoezi zinazotengenezwa siku hizi huwa na vijiti viwili. Upanga wa jirani yetu ulikuwa na kijiti pia, lakini kilikuwa pambo tu, kimegandishwa juu juu kwa gundi.

Kwa hivyo swali la kwanza la kumwuliza mwuzaji ni hili: je, mpini unafunguka? Mwuzaji wa haki hukuruhusu kung'oa mekugi, kuvua mpini na kuutazama msuka, au hukutumia picha yake ikiwa unaagiza kutoka mbali. Akisema mpini umegandishwa na haufunguki, rudisha pesa mfukoni.

Swali la pili ni la chuma. Hapa wengi hudanganyika kwa kuona kisichoshika kutu ndicho bora. La hasha! Chuma kisichoshika kutu kinafaa kwa kisu cha mboga, lakini kikinyoshwa kuwa bapa refu la upanga aghalabu huvunjika kikigongwa. Upanga wa kazi hufuliwa kwa chuma cha kaboni, ambacho hushika kutu usipokitunza. Utaona wauzaji wakiandika namba kama 1060 au 1095. Tarakimu mbili za mwisho zinaeleza kiasi cha kaboni: 1060 ina takriban asilimia 0.60, na 1095 ina asilimia 0.95 hivi. Kadiri kaboni inavyozidi ndivyo makali yanavyoweza kuwa magumu, lakini ndivyo pia chuma kinavyokuwa mwepesi wa kumeguka mikononi mwa asiyejua. Kwa anayeanza, 1060 inatosha sana. Kuna pia 5160 na 9260, vyuma vya springi, ambavyo huvumilia makosa ya mwanafunzi. Mafundi wetu wa jua kali hawahitaji kuelezwa jambo hili: wao hufua panga na sime kutokana na springi za malori yaliyozeeka, kwa kuwa wanajua chuma kile hupinda kikarudi.

Kule Japani mhunzi wa jadi hutumia tamahagane, chuma kinachoyeyushwa kutokana na mchanga wa chuma katika tanuri la makaa. Bapa likishafuliwa, hupakwa udongo, mwingi mgongoni na haba kwenye makali, kisha huchomwa na kutumbukizwa majini. Makali hupoa ghafla na kuwa magumu. Mgongo hupoa polepole na kubaki laini. Tofauti hiyo ndiyo hulipinda bapa, na ndiyo huacha ule mstari mweupe wa mawimbi unaoitwa hamoni. Wajanja huuigiza mstari huo kwa tindikali au kwa kukwaruza kwa brashi ya waya. Ukiona mawimbi yanafanana mno, kama yaliyochorwa kwa rula, shuku.

Upanga mpya kutoka kwa mhunzi mwenye leseni nchini Japani hugharimu maelfu ya dola, na kijana wa Buruburu hana haja nao. Panga nyingi za kazi zinazouzwa ulimwenguni hutoka China, hasa mji wa Longquan katika jimbo la Zhejiang, na miongoni mwake zipo nzuri za bei nafuu. Cha kujihadhari nacho ni ule wa bei ya kutupa. Anayekuuzia upanga kwa bei ya jozi ya viatu hakukufulia upanga.

Ukiufikisha mkononi, utikise taratibu. Usisikie kitu kikicheza mpininiー wala kwenye kikingio cha mkono. Uinamishe ukiwa alani: haufai kuteleza wenyewe, kwa maana kile kikuku cha shaba kilicho kwenye shina la bapa, habaki, kinapaswa kubana mdomo wa ala. Chini ya uzi wa mpini pawe na ngozi ya samaki taa, yule yule wanaomvua watu wa Pwani. Vichunusi vyake huzuia uzi usiteleze. Urefu nao una kipimo chake. Mtu wa kimo cha sentimita 170 aghalabu huanza na bapa la sentimita 73 hivi, ila mwalimu wake ndiye wa kuamua, si picha ya mchezaji wa sinema.

Sasa tuje kwenye utunzaji, ambao ndio kazi yenyewe. Jasho la kidole kimoja linatosha kuacha alama ya kutu kwenye bapa, sembuse hewa ya chumvi ya Mombasa. Usiliguse bapa kwa mkono mtupu. Baada ya kila zoezi lifute kwa kitambaa laini kikavu, ukianzia shinani kwenda nchani, na mgongo wa bapa uwe ndio umeelekea kiganja chako, si makali. Kisha paka mafuta kidogo, utando mwembamba tu. Ukiona matone, umezidisha. Mafuta yakijaa alani hunasa vumbi, na vumbi hukwaruza.

Mafuta ya jadi huitwa choji, na choji kwa Kijapani ni karafuu. Naam, karafuu ile ile iliyoipa Unguja na Pemba jina duniani! Mafuta yanayouzwa siku hizi kwa kawaida ni mafuta mepesi ya madini yaliyotiwa karafuu kidogo. Ukiyakosa, mafuta safi ya cherehani yatafaa. Usipake mafuta ya kupikia hata siku moja, kwani hugeuka gundi. Upanga uliokaa bila kutumiwa ufutwe na kupakwa upya kila baada ya miezi mitatu hivi katika miji mikavu, na kila mwezi kwa wakaao Pwani. Ule unga mweupe wa kupigapiga, uchiko, unga wa jiwe la kunolea, uacheni kwa wenye panga za kale na ujuzi wake. Na msasa wa seremala usikaribie kabisa.

Hifadhi upanga ukiwa umelala, makali yakitazama juu, ili yasilalie mbao ya ala. Kuuchomoa kuna adabu yake pia: shika mdomo wa ala, sukuma kikingio kwa kidole gumba hadi habaki iachie, kisha vuta ukiufuatisha mgongo wa bapa. Vidole vya mkono unaoshika ala visikae kwenye upande wa makali, maana ala ikipasuka vidole ndivyo vitakavyolipa.

Na kila kabla ya zoezi, nasema kila, tazama ile mekugi. Ikilegea au kuonyesha ufa, usiupunge upanga mpaka umechonga nyingine kwa mwanzi mkavu uliokomaa. Usiweke msumari badala yake. Msumari hupanua tundu la mpini. Usikate miti, wala usigonganishe panga kama wafanyavyo wachezaji wa sinema. Makali yatameguka, na kipande hakichagui jicho la kuingia. Wenye mazoezi ya kukata hutumia mikeka iliyokunjwa na kulowekwa majini, mbele ya mwalimu, wenzao wakiwa wamesimama mbali.

Sheria nayo isisahauliwe. Japani yenyewe ilipiga marufuku kuvaa panga hadharani mwaka 1876, na sheria yake ya mwaka 1958 hutaka upanga halisi uandikishwe kama kazi ya sanaa. Uingereza ilizuia mwaka 2008 uuzaji wa panga zilizopinda za sentimita 50 na zaidi, ikawaachia nafasi wenye zile za kijadi na wanamichezo. Hapa Kenya, kutembea hadharani na silaha bila sababu ya halali, kwa namna ya kutia watu hofu, ni kosa la jinai. Kijana asithubutu kupanda nao matatu kwenda mazoezini. Na kabla ya kutuma hata senti, aulize polisi na forodha kama wataruhusu mzigo huo uingie.

Sasa nikujibu, mama. Muulize kijana amefanya mazoezi kwa muda gani na upanga wa mbao. Ikiwa ni miezi michache, akiba yake ainunulie iaito, upanga wa mazoezi wa mchanganyiko wa zinki na alumini usio na makali. Wanafunzi wengi wa Japani hutumia huo kwa miaka. Haufai kukatia wala kugongea chochote, ila uzito na umbo ni la upanga kweli, na kosa la mkono halitamkata kidole. Nao pia aufungue mpini autazame. Ule wenye makali ungoje mpaka mwalimu wake mwenyewe aseme yuko tayari, na ukifika nyumbani ukae kabatini chini ya kufuli, ufunguo kwako, si ukutani sebuleni.

Jirani yetu hakuwahi kubadilisha mlango wa lile kabati. Tundu bado lipo, kwenye kimo cha mtoto wa miaka saba akiwa amesimama.