Wapanga Herufi wa Dunia na Deni Letu Tanga

Kila mwaka watumiaji wa TeX, programu ya kompyuta ya kupanga herufi za vitabu, hukutana mahali fulani duniani. Chama chao, TeX Users Group, kiliundwa mwaka 1980. Mwaka 2023 walikutana Bonn, 2024 Prague, na 2025 Thiruvananthapuram katika jimbo la Kerala, India. Afrika imeupokea mkutano huo mara moja tu, mjini Marrakesh, Novemba 2006. Kusini mwa Sahara haujafika. Naandika haya nikiwa Makorora, na nashikilia kwamba lawama si ya chama hicho. Ni yetu, hasa sisi wa vyuo vikuu.

TeX ilianzishwa na Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyechukizwa mwaka 1977 na sura mbaya ya kurasa za majaribio za kitabu chake. Aliitunga programu, kisha akaitoa bure kwa walimwengu. Mwandishi huandika matini ya kawaida pamoja na maagizo, nayo programu hupima nafasi, hugawa mistari, hupanga milinganyo ya hisabati, tanbihi na yaliyomo. Haidai ada ya leseni, na kompyuta kuukuu inaimudu.

Sasa tazama hali yetu. Mwanafunzi ametafiti mwaka mzima. Tasnifu yake inarudishwa, si kwa udhaifu wa hoja, bali kwa sababu pambizo ni finyu, namba za kurasa zimeruka na yaliyomo hayalingani na sura. Anabeba flashi yake hadi steshenari, analipa, anachapa upya, anarudishwa tena. Simlaumu kijana wa steshenari; yeye anatafuta riziki yake kwa halali. Nawalaumu wahadhiri wenzangu. Tunamwadhibu mwanafunzi kwa somo ambalo hatukumfundisha, kisha tunaiita adhabu hiyo viwango vya kitaaluma.

Aibu hii ni kubwa zaidi hapa Tanga. Mwanzoni mwa karne ya 20, gazeti la Kiswahili la Kiongozi lilitolewa katika mji huu na shule ya serikali ya Wajerumani. Lilitumikia utawala wa kikoloni, hilo halifichiki. Lakini lilithibitisha kwamba Kiswahili kingeweza kupangwa na kuchapwa papa hapa. Shaaban Robert, mwana wa Tanga aliyezaliwa mwaka 1909, aliandika Kusadikika, nacho kikachapishwa mwaka 1951 na kampuni ya Nelson ya Uingereza. Anayepanga herufi na kumiliki mtambo ndiye anayeamua kipi kichapwe, lini na kwa bei gani. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Watumishi wa umma nao wasidhani hili haliwahusu. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha mabadiliko yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Maelfu ya kurasa yanahitaji kupangwa kwa lugha yetu. Lakini TeX isipoagizwa vinginevyo, hukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza cha Marekani. Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu: ki-ta-bu, ng'o-mbe. Hata hivyo, m ya mtu ni silabi kamili, ilhali m ya mbuzi si silabi. Tofauti hiyo kompyuta haiijui mpaka mwanaisimu aketi na mwanafunzi wa kompyuta waiandike.

Wenzetu wa Kerala, tunaogawana nao bahari moja, walianza na lugha yao. Mwaka 1999 vuguvugu la Rachana lilidai herufi kamili za asili za Kimalayalam ziingie kwenye kompyuta. Leo karakana za jimbo hilo hupanga majarida ya kisayansi ya wachapishaji wa Ulaya, na mkutano wa TeX umefanyika huko mwaka 2002, 2011 na 2025. Walikuwa na kazi ya kuonyesha kabla ya kuwaalika wageni.

Najua jibu litakalotolewa: madawati hayatoshi, haya ni anasa. Lakini jambo hili halihitaji jengo jipya wala zabuni. Linahitaji chumba, umeme, kompyuta tulizo nazo na mhadhiri aliye tayari kujifunza mbele ya wanafunzi wake. Kinachotugharimu ni fedha ya mwanafunzi inayoishia kwenye marudio ya uchapaji.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Vyuo vifundishe upangaji wa matini mwaka wa kwanza, na vitoe bure violezo vya tasnifu vinavyotimiza masharti yao wenyewe; chuo kisichotoa kiolezo kisimrudishe mtu kwa pambizo. BAKITA na idara za Kiswahili zishirikiane na wanafunzi wa kompyuta kuandika na kutangaza kanuni za kukata maneno. Na wanafunzi na wanaharakati wa Tanga waitishe mkutano wao wa kila mwaka tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, hata kama wa kwanza utakuwa na watu kumi. Tukiwa na kazi mkononi, ndipo tutakapokuwa na haki ya kuialika dunia.