Mwanga Mwekundu kwenye Njia ya Ndui

Tiba ya mwanga mwekundu ni kumulika mwili kwa taa au leza yenye mawimbi ya takriban nanomita 620 hadi 700, mara nyingi pamoja na mionzi ya infraredi ya nanomita 800 hadi 900, ambayo jicho haliioni. Mwanga huu hupenya ngozi kwa milimita chache na kufika kwenye mitokondria, sehemu za seli zinazotumia oksijeni kutengeneza nishati. Humo hunaswa hasa na kimeng'enya kiitwacho saitokromu c oksidasi. Maelezo yanayotajwa zaidi ni kwamba mwanga huibandua nitriki oksaidi iliyokizuia kimeng'enya hicho, nacho kikarudia kazi yake. Seli ikapata nishati zaidi na kuanza kujikarabati. Wataalamu wangali wakibishana juu ya baadhi ya hatua hizo. Wasichobishania ni kipimo: kidogo huamsha seli, kingi huipunguzia nguvu.

Chanzo cha elimu hii ni bahati. Mwaka 1967, mjini Budapest, daktari Endre Mester alitaka kujua kama leza husababisha saratani. Aliwanyoa panya na kuwamulika. Saratani haikutokea, ila manyoya yaliota haraka zaidi pale palipomulikwa.

Leo matangazo yanayosambaa kwa simu yanaipa taa hiyo sifa za kuondoa makunyanzi, kuyeyusha mafuta ya tumbo, kutuliza viungo na kurudisha ujana. Je, Watanzania waigharimie? Tabora ni mahali pazuri pa kulipima swali hilo, kwa sababu ugonjwa uliowahi kutibiwa kwa mwanga mwekundu huko Ulaya ulipita katika mji huo na kuua.

Ugonjwa huo ni ndui. Richard Burton na John Speke walipofika Kaze, eneo la Tabora ya leo, Novemba 1857, misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji ilikuwa ikibeba pembe za ndovu, watumwa, vitambaa na maradhi kwa pamoja. Burton aliandika habari za wapagazi walioshikwa na ndui wakaachwa njiani. Katika mizigo yao, pamoja na merikani nyeupe na kaniki, kulikuwa na kitambaa chekundu kilichoitwa bendera. Mbali sana na Tabora, huko Ulaya na Japani, watu walikuwa kwa karne nyingi wakimzungushia mgonjwa wa ndui nguo nyekundu.

Mwaka 1893 tabibu wa Denmark, Niels Finsen, aliigeuza desturi hiyo kuwa hoja ya kisayansi. Alipendekeza wagonjwa wa ndui walazwe katika vyumba vyenye mapazia au vioo vyekundu. Hapa ndipo wengi hupotoka wanapomtaja Finsen kama baba wa taa za leo. Hakudai kwamba wekundu unaponya. Alidai kwamba mionzi ya upande wa pili, ile ya buluu na urujuanimno, inazidisha makovu, na kwamba pazia jekundu linaizuia. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1903 alipewa kwa kazi nyingine, ya kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mionzi hiyohiyo aliyotaka kuwaepusha nayo wagonjwa wa ndui. Vyumba vyekundu vilisahaulika. Kilichoifuta ndui ni chanjo: mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida aliugua Merca, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa imetokomezwa.

Kwa hiyo neno "mwanga" peke yake halitoshi kuwa jina la tiba. Lazima itajwe rangi, kipimo na ugonjwa. Mtoto mchanga mwenye manjano humulikwa kwa mwanga wa buluu, unaobadilisha bilirubini ili mwili uitoe. Faida ya mwanga kwa watoto hao iligunduliwa Rochford, Uingereza, katika miaka ya 1950. Mtoto wa namna hiyo akilazwa chini ya taa nyekundu ya saluni, atakuwa amecheleweshwa tu, na manjano makali huharibu ubongo.

Ushahidi wa mwanga mwekundu una nguvu mahali pachache. Ulio imara zaidi ni kukinga vidonda vya mdomoni kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani wanaopata mionzi au dawa kali, vidonda vinavyomfanya mtu ashindwe hata kumeza uji. Upo pia wa kiasi kwa aina fulani za kunyonyoka nywele. Kuhusu kitambi na ujana, ahadi zimeutangulia utafiti. Madhara nayo yapo: nchini China, ambako watoto wamekuwa wakimulikwa machoni ili kuzuia kutoona mbali, mwaka 2023 iliripotiwa habari ya mtoto aliyeumia retina.

Hukumu basi si ngumu. Kifaa cha namna hii kikinunuliwa kwa fedha za umma, mahali pake ni wodi za saratani, kama za Ocean Road jijini Dar es Salaam na Bugando jijini Mwanza, hospitali ya rufaa inayowapokea pia wagonjwa wa kanda ya magharibi. Kinachouzwa kwa madai ya kutibu kipitie kwanza Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Kwa Tabora yenyewe kuna deni la mwanga lililo zito zaidi. Mji uko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, kwenye uwanda wa juu wa takriban mita 1,200, na urujuanimno wa huko huharibu vinasaba vya seli za ngozi isiyo na melanini mwaka mzima. Saratani ya ngozi huwaua watu wenye ualbino wangali vijana, na kinga yake inajulikana. Losheni ya Kilisun, ya kukinga ngozi dhidi ya jua, hutengenezwa hapahapa nchini, Moshi. Mwenye ualbino anayelima tumbaku Urambo au Sikonge anahitaji kofia pana, shati la mikono mirefu na losheni hiyo kila siku bila kukatika. Fedha za umma zianzie hapo.