Tusilaumu Diski Kabla ya Kutazama Waya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nipate kuwaeleza wasomaji jambo ambalo mimi mwenyewe nililikosea. Watu wengi husema kuwa waya ni waya tu, madhali unaingia katika tundu. Nami nilikuwa katika kundi hilo. Leo nasema kuwa si kweli, na kosa hilo lilikuwa karibu kumharibia mwalimu wetu jina lake jema.

Wasomaji wanajua kwamba wazazi wetu walichanga fedha, wengine za mpunga, wengine za pamba, wengine za machimboni, shule ikanunua diski ya nje yenye kasi. Humo mna vitabu, masomo ya video ya Fizikia na Baiolojia, na mitihani ya miaka iliyopita, jumla gigabaiti 60. Kwenye kasha lake imeandikwa kwamba yaweza kupitisha megabaiti 1,000 kwa sekunde moja. Mimi nilipewa kazi ya kunakili hayo yote katika kompyuta mpakato za shule.

Siku za kwanza kazi ilikwenda vizuri. Baadaye diski ikawa kama kobe. Kompyuta moja ikawa yachukua karibu nusu saa. Betri za kompyuta zetu zimechoka, na umeme ukikatika katikati ya kazi hatuna budi kuanza tena. Basi juma la mwisho kabla ya mtihani wa majaribio, kompyuta tatu hazikupata kitu, na ndugu zetu wa Kidato cha Nne wakawa wanagombania zilizobaki. Nilipoulizwa sababu nilijibu bila kufikiri, "Diski hii ni bandia."

Neno hilo likatoka nje ya uzio wa shule. Katika mkutano wa wazazi mtu mmoja akauliza, mbele ya watu wote, mwalimu aliyetumwa Kahama kuinunua alikula kiasi gani. Mwalimu alinyamaza. Mimi niliyelizua neno nilikuwa nimekaa nyuma, nami nikanyamaza.

Hapo akasimama mzee mmoja, mchimbaji mdogo kutoka upande wa Geita. Akasema, "Jamani, pampu ya duara letu niliitukana siku mbili kuwa ni mbovu, kumbe mpira wa maji ndio uliokuwa mwembamba. Ninyi mmeutazama mpira?" Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Jioni ile niliutazama waya. Haukuwa ule uliotoka katika kasha. Ulikuwa waya wa kuchajia simu, na vichwa vyake vilifanana kabisa na vya ule wa kwanza. Mtu aliuazima ule wa kwanza achaji simu, akarudisha mwingine. Niliutafuta nikaupata ofisini, nikanakili mafaili yale yale katika kompyuta ile ile. Kazi ya nusu saa ilikwisha kwa dakika mbili na nusu! Diski ilikuwa nzima, na mwalimu hakuwa na kosa lolote.

Sababu yake si ngumu. Utaratibu wa USB 2.0, uliotolewa mwaka 2000, una kikomo cha megabiti 480 kwa sekunde, na katika kazi halisi hupitisha kama megabaiti 30 hadi 40 tu. USB 3.0 ya mwaka 2008 ilifikia gigabiti 5, na baadaye zikaja za gigabiti 10 na zaidi. Waya wa kasi una nyuzi za ziada ndani yake za kupitisha habari. Nyaya nyingi za kuchajia simu hazina nyuzi hizo. Kile kichwa kidogo cha mviringo kiitwacho Type-C, kilichotolewa mwaka 2014, ni umbo tu. Hakituambii ndani mna nini.

Basi mwenye kununua waya na aangalie haya. Kwanza, auulize kasi yake ya kupitisha habari, yaani gigabiti 5, 10 au 20. Akiona imeandikwa wati 60 au wati 100, ajue kuwa hiyo ni nguvu ya umeme wa kuchajia, siyo kasi ya mafaili. Pili, achague waya mfupi, usiozidi mita moja, maana kasi kubwa haipendi waya mrefu. Tatu, atazame tundu la kompyuta yake. La kwetu ni la gigabiti 5, ndiyo maana hatukufika zile megabaiti 1,000 hata kwa waya mzuri. Tukinunua waya wa gigabiti 40 tutakuwa tumetupa fedha bure. Nne, apime mwenyewe: anakili faili moja kubwa huku akitazama saa.

Najua wako watakaosema kuwa waya ni kitu kidogo, ukipotea utanunuliwa mwingine. Nawajibu kuwa aendaye dukani bila kujua tofauti ataletewa ule ule wa simu, na taabu itarudi. Kwa hiyo maoni yangu ni haya: waya wa diski ufungwe kitambulisho, uwekwe kabatini pamoja na diski yake, na asiruhusiwe mtu yeyote kuuazima kwa kuchajia simu, awe mwanafunzi au mkubwa wetu. Fedha iliyoununua ni jasho la wazazi.

Tena yatupasa tujifunze kupima kabla ya kusema. Kuupima waya kulinichukua jioni moja. Neno nililolisema kwa dakika moja lilimweka mtu mwaminifu katika aibu mbele ya kijiji kizima. Mwalimu wangu, nilikwisha kuja kwako faraghani, lakini kwa kuwa ulivunjiwa heshima hadharani, nakuomba radhi hadharani. Na wewe mzee wa duara, asante sana.

Nakomea hapa.

Mtunza Chumba cha Kompyuta,
Kidato cha Tano