Rubani na aulize bima kabla ya ujira

Kijana aliyekua akitazama ndege zikitua Kabunde, Homa Bay, au Lichota, Migori, akishahitimu urubani huenda kazi yake ya kwanza ikawa ya mkataba: kusafirisha miraa na dawa kutoka Nairobi hadi Somalia. Siidharau kazi hiyo. Humpa saa za kuruka zinazodaiwa na mashirika makubwa. Lakini tusisahau kwamba Mei 4, 2020, ndege ya mizigo ya Kenya iliyobeba vifaa vya tiba ilidunguliwa Bardale, wakafa watu sita. Tena, anayelipwa kwa safari huona vigumu kukataa safari, hata akiwa mchovu. Kwa hiyo, kabla ya ujira, kijana na aulize bima, ratiba ya mapumziko na haki ya kukataa kuruka. Uhai haulipwi fidia ikatosha.